Barua ya udahili si ruhusa ya masomo: kisa cha afisa wa halmashauri mkoani Tanga

Kisa hiki kinamhusu mtumishi wa umma aliyesoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma huku akiendelea na kazi. Jina lake, halmashauri yake na chuo alichosoma havitajwi, na idadi ya vikundi alivyotafiti imebadilishwa kidogo ili asitambulike. Mpangilio wa matukio umebaki ulivyokuwa. Tunakiandika kwa ajili ya maafisa wanaotaka kushika nafasi za uongozi na wanaodhani kwamba kigingi kikubwa cha shahada hii ni mitihani. Kwa afisa huyu mitihani haikuwa shida. Alikwama mara mbili, mwanzoni kwenye ruhusa ya mwajiri na mwishoni kwenye utafiti, na mara zote mbili kwa sababu zilizoweza kuonekana mapema.

Usuli

Tumwite Bi. Z. Alikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii katika halmashauri ya pwani ya mkoa wa Tanga, ameshathibitishwa kazini, na ana shahada ya kwanza ya sosholojia yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.4. Sifa hiyo ilimtosha, kwa kuwa kiwango cha kawaida cha kuingilia uzamili ni daraja la pili la chini, yaani 2.7 kati ya 5. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusajili vikundi, kupitia maombi ya mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu), na kufuatilia marejesho. Lengo lake lilikuwa kuongoza divisheni.

Alikuwa na njia tatu mbele yake. Kwanza, masomo ya kutwa Mzumbe, Morogoro, ambako mafunzo ya watawala wa serikali za mitaa yalianza mwaka 1953, muda mrefu kabla hakijawa chuo kikuu. Njia hii ingemtaka aondoke kabisa kituoni. Pili, Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Tanga mjini, ambako mwanafunzi hujiendesha mwenyewe kwa sehemu kubwa. Tatu, masomo ya mwisho wa wiki Dar es Salaam. Kampasi ya Tanga ya Chuo cha Utumishi wa Umma ilikuwa karibu naye zaidi, lakini imezoeleka kwa astashahada, stashahada na kozi fupi. Akachagua Dar es Salaam. Alijijua: bila darasa na tarehe za kukusanya kazi angeahirisha kila kitu. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, na haukuwahi kumsumbua.

Mfuatano wa matukio

Julai 2021 aliomba chuo. Septemba alipata barua ya udahili, akaiambatanisha na barua ya kuomba ruhusa kwa Mkurugenzi, ikipitia kwa mkuu wake wa kazi. Jibu lilirudi Oktoba: hakuwemo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha uliokwisha kuanza tarehe 1 Julai, hivyo ombi lake lisingeweza kukubaliwa kwa wakati huo. Afisa Utumishi alimweleza kwa lugha ya kawaida: "Dada, umeanza na chuo ukamalizia na sisi. Ungeanza na sisi."

Darasa lilikuwa linafunguliwa Novemba. Wenzake wawili walimshauri aende tu, kwa kuwa vipindi ni vya mwisho wa wiki na hakuna atakayejua. Hakwenda. Aliandikia chuo kuomba kuahirisha udahili kwa mwaka mmoja, akakubaliwa, na Novemba hiyohiyo akajaza fomu ya mahitaji ya mafunzo ili aingizwe kwenye mpango wa 2022/23.

Novemba 2022 alianza. Vipindi vilikuwa kila baada ya wiki moja: Ijumaa jioni, Jumamosi kutwa na Jumapili hadi alasiri. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, kwa hiyo Ijumaa ilimlazimu kutoka ofisini saa sita mchana. Mkuu wake alimruhusu kwa mdomo.

Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo ya asilimia 10 ili utaratibu wake upitiwe upya. Bi. Z hakuona uzito wa jambo hilo kwa masomo yake. Miezi michache baadaye mkuu wake alihamishwa. Mkuu mpya, katika mwezi wake wa kwanza, alikuta afisa wake hayupo Ijumaa mbili mchana na akamtaka ajieleze kwa maandishi. Kwenye jalada kulikuwa na barua ya ruhusa ya masomo, lakini haikuwa na neno hata moja kuhusu Ijumaa.

Masomo ya darasani aliyamaliza Februari 2024. Andiko la utafiti, yaani mpango wa utafiti unaopitishwa kabla ya kwenda uwandani, lilichukua miezi sita na matoleo matatu. Data alikusanya Septemba na Oktoba 2024. Tasnifu ilipitishwa na masahihisho madogo, na Juni 2025 alikuwa amekamilisha kila kitu: miezi 31 kwa programu ya miezi 24.

Uamuzi wa kwanza: kuahirisha

Huu ndio uamuzi uliookoa kazi yake, na tunaueleza kwa urefu kwa sababu maafisa wengi wanaamua kinyume.

Kanuni za utumishi wa umma zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano kuwa kosa zito la kinidhamu, na adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa. Mwanafunzi wa mwisho wa wiki hadhani kwamba linamhusu. Lakini hata programu hizo zina wiki za mitihani, semina za kuwasilisha andiko, na miezi ya kukusanya data. Siku tano zinajaa haraka. Aliyeanza kwa siri hana pa kuombea ruhusa ya mtihani, maana akiiomba anajitangaza.

Kuna sababu ya pili. Shahada iliyopatikana bila mwajiri kujua huleta maswali siku ya kuwasilisha cheti ili kiingizwe kwenye taarifa za mtumishi. Muda wa masomo na muda wa kazi vinapolinganishwa, mtumishi ndiye anayepaswa kueleza alikuwaje mahali pawili.

Mpango wa mafunzo wa halmashauri hutengenezwa pamoja na bajeti. Kazi hiyo huiva kati ya Novemba na Februari, kabla ya bajeti kupita kwenye baraza la madiwani. Anayetaka kuanza chuo Oktoba au Novemba anatakiwa jina lake liwe limeshaingia kwenye mapendekezo ya idara miezi kumi hadi kumi na miwili kabla. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: ongea na mkuu wako wa kazi Oktoba, jaza fomu ya mahitaji ya mafunzo ukieleza upungufu wa ujuzi ambao idara inao (si ndoto yako binafsi), hakikisha Februari kwamba jina limo kwenye mpango uliopitishwa, omba chuo kati ya Mei na Julai, kisha peleka barua ya udahili pamoja na nakala ya ukurasa wa mpango wenye jina lako. Barua ya namna hiyo haina sababu ya kukataliwa.

Kuwemo kwenye mpango, hata hivyo, kulimpa Bi. Z ruhusa na si fedha. Mpango ulionyesha kwamba halmashauri ingechangia nusu ya ada ya mwaka wa pili kutoka mapato ya ndani. Makusanyo hayakufikia lengo, na fungu la mafunzo ni la kwanza kukatwa panapokuwa na uhaba. Hakupata kitu. Alinusurika kwa sababu aliweka hesabu zake kana kwamba ahadi ile haipo, na alikuwa amekubaliana na chuo kulipa ada kwa awamu nne. Kilichomshtua ni nauli na malazi: kwa miaka miwili vilikaribia nusu ya ada, na hakuvipangia.

Uamuzi wa pili: ruhusa ya maandishi, kwa saa

Baada ya kutakiwa kujieleza, Bi. Z hakubishana. Aliandika maelezo ya ukurasa mmoja, akaambatanisha ratiba ya chuo iliyogongwa mhuri, na akaomba mambo matatu kwa tarehe: kutoka saa 6 mchana katika Ijumaa 11 zilizotajwa moja moja, siku za mitihani, na kutumia sehemu ya likizo yake ya mwaka ya siku 28 kwa ajili ya utafiti. Alipendekeza pia saa za kufidia: kubaki ofisini hadi saa 11 na nusu jioni Jumatano na Alhamisi. Mkuu mpya aliandika dokezo la kukubali siku hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa fedha, 2023/24, upimaji wa utendaji ulihamia kwenye mfumo wa PEPMIS, ambako kazi za mtumishi huwekwa kidijitali na utekelezaji wake huonekana hatua kwa hatua. Bi. Z alipanga kazi zenye tarehe za mwisho ziishe Jumatano. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililozuia alama zake za utendaji kushuka katika mwaka aliokuwa na masomo mazito zaidi.

Ruhusa ya mdomo hudumu kwa muda ambao aliyeitoa yupo kwenye kiti. Katika halmashauri, ambako uhamisho ni wa kawaida, muda huo unaweza kuwa mfupi kuliko muhula mmoja.

Darasani: tatizo la kuandika kama taarifa ya robo mwaka

Muhula wa kwanza alipata C katika uchambuzi wa sera, somo alilodhani analijua kwa vitendo. Kazi aliyoandika ilikuwa na vichwa hivi: utangulizi, mafanikio, changamoto, mikakati ya kukabiliana na changamoto, mapendekezo. Ndio mpangilio wa taarifa ya utekelezaji ambayo kila afisa ameiandika mara nyingi. Mhadhiri aliandika pembeni: "Unadai nini?"

Swali hilo ndilo moyo wa shahada hii. Taarifa ya utekelezaji inaorodhesha, na inafanya vizuri kuorodhesha kwa sababu wasomaji wake, kamati na madiwani, wanataka kujua nini kimefanyika. Kazi ya uzamili inadai kitu kimoja, inakipa ushahidi, na inakabiliana na anayepinga. Afisa akiulizwa kuhusu ugatuaji (kuhamishia madaraka serikali za mitaa) Tanzania huandika kwamba serikali za mitaa zilifutwa 1972, zikarudi mijini 1978 na wilayani katika miaka ya mwanzo ya 1980, kisha akaorodhesha changamoto. Anayepata A huanza na dai: kwa mfano, kwamba halmashauri ilipewa majukumu bila kupewa mamlaka halisi juu ya watumishi wake. Baada ya hapo kila tarehe na kila kifungu cha sheria kinaletwa kulitumikia dai hilo. Ukimtaja Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, mtaje kwa sababu nadharia yake ya urasimu inaeleza kwa nini faili lako limezunguka meza sita, si kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye slaidi.

Bi. Z alibadilika kwa kujilazimisha kuandika sentensi moja ya dai juu ya karatasi kabla ya kuanza, na kufuta kila aya isiyoigusa. Muhula wa pili alipata B+ na A katika masomo yenye maandishi mengi.

Jambo jingine lililomchelewesha ni hesabu ya muda. Uzamili wa kawaida nchini una krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, pamoja na za nje ya darasa. Hizo ni saa 1,800. Kwa wiki 104 ni zaidi ya saa 17 kila wiki. Vipindi vyake vilimpa wastani wa saa 7 kwa wiki. Saa 10 zilizobaki ilibidi zitoke usiku na alfajiri nyumbani, na katika miezi sita ya kwanza hakuzipangia kabisa: aliona kwamba kusafiri kwenda darasani ndiko kusoma. Mwenye familia na kazi anapaswa kukaa na watu wa nyumbani kwake na kuzitafuta saa hizo kwa jina, siku kwa siku, kabla ya kulipa ada.

Utafiti: faida na mtego wa kutafiti kazi yako mwenyewe

Mada yake ya kwanza ilikuwa "Changamoto za utoaji wa mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu." Msimamizi aliikataa. Mada inayoanza na "changamoto za" haina swali, na jibu lake linajulikana kabla ya kwenda uwandani. Isitoshe, utoaji ulikuwa umesitishwa. Hakukuwa na utoaji wa kuangalia. Toleo la pili liliuliza kuhusu marejesho ya mikopo iliyotolewa kabla ya Aprili 2023, katika kata zake mwenyewe. Hapo kikaja kikwazo cha pili.

Alijaribu dodoso kwa kikundi kimoja. Wanawake walimpokea kwa heshima, "Karibu mama mikopo," na kila mmoja alikuwa ameshika risiti zake mkononi. Walijibu kama wadaiwa mbele ya mdai. Walipoulizwa kama ratiba ya marejesho iliwafaa, wote walisema iliwafaa. Data ya namna hiyo haina thamani, na tatizo halitatuliwi kwa kuboresha maswali. Linatokana na nani anayeuliza.

Toleo la tatu lilihamishia utafiti katika kata mbili za wilaya nyingine ya pwani, ambako hakuwa na mamlaka yoyote. Aliajiri wasaidizi wawili wasio watumishi wa halmashauri, akawafundisha kwa siku mbili, na dodoso likawekwa kwenye simu kwa KoboToolbox, programu ya kukusanya data. Kila mhojiwa alisomewa maelezo ya ridhaa. Majina hayakurekodiwa, jambo ambalo lina uzito zaidi tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Vibali vilifuata ngazi: barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani na kwa Mkurugenzi, kisha kwa watendaji wa kata. Vilichukua wiki tano. Yeye alivipangia mbili.

Kwenye sampuli alifanya kama wanafunzi wengi: alitumia fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli. Vikundi vilivyokopeshwa vilikuwa 64. Kwa kosa la asilimia 5, 64 gawanya kwa 1.16 ni 55. Msimamizi akamuuliza anawaacha tisa kwa faida gani. Hakuna faida. Fomula hiyo ni ya watu wengi usioweza kuwafikia wote, na kwa vikundi 64 vilivyo katika kata mbili unakwenda kwa wote. Alikwenda kwa wote.

Ratiba ya uwandani ilivurugika wiki ya kwanza. Vikundi vingi vilikuwa vya wakulima wa mwani, na wiki hiyo ilikuwa bamvua, wakati maji ya bahari yanapojaa na kutoka kwa kiwango kikubwa. Maji yakitoka sana wanawake wako mashambani baharini. Hakuna wa kuhojiwa. Mtendaji wa kata alishauri warudi maji mafu, wakati maji yanapojaa na kutoka kidogo, na tangu hapo kalenda ya mahojiano ikafuata mwezi: vikundi vya mwani wakati wa maji mafu, vya wavuvi wa dagaa wakati wa mbalamwezi ambapo taa zao hazina kazi. Mtu anayefanya kazi pwani ya Tanga alipaswa kulipanga hili tangu kwenye andiko.

Matokeo

Utafiti ulionyesha jambo ambalo taarifa za robo mwaka hazikuwahi kulionyesha. Vikundi vya mwani vilionekana wadaiwa sugu kwa sababu rejesho lilipangwa kila mwezi, ilhali mwani huvunwa takribani kila wiki sita, na fedha huingia mnunuzi akifika. Ukipima kwa siku 30 wamechelewa. Ukipima kwa siku 60 wengi wao wamelipa. Pia vitabu vya vikundi na kumbukumbu za halmashauri vilitofautiana mahali ambapo namba ya kumbukumbu ya malipo ilichelewa kutolewa: mwanakikundi alikuwa na fedha, lakini hakuwa na njia ya kuilipa.

Bi. Z aliandika muhtasari wa kurasa mbili na kuukabidhi kwa wakurugenzi wa halmashauri zote mbili. Mikopo iliporejea, halmashauri yake ilikubali kujaribu ratiba ya marejesho inayofuata mavuno kwa vikundi vya mwani. Yeye mwenyewe amepewa kukaimu usimamizi wa sehemu ya uwezeshaji kiuchumi.

Cheo hakikubadilika siku ya mahafali, na hakikupaswa kubadilika. Upandaji cheo unategemea muundo wa utumishi wa kada, utendaji, na nafasi kuwemo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti. Shahada inampa mtu sifa ya kushindania nafasi; haiifungui nafasi isiyokuwepo.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kuahirisha udahili kulimgharimu mwaka mmoja na kulilinda kila kilichofuata. Kuhamisha utafiti kutoka kata zake kulimgharimu karibu miezi mitatu ya vibali na matayarisho, na bila hatua hiyo matokeo kuhusu mwani yasingepatikana, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumwambia "mama mikopo" kwamba ratiba yake ni mbaya.

Kati ya miezi saba ya kuchelewa, kwa tathmini yetu, minne ingeepukika. Mada ingeweza kuanza kutafutwa muhula wa pili badala ya baada ya masomo ya darasani. Usitishaji wa Aprili 2023 ulitangazwa waziwazi, na ulipaswa kumwonyesha mwezi huohuo kwamba mada ya utoaji wa mikopo haitafaa. Barua za vibali zingeweza kuombwa siku andiko lilipopitishwa, wakati dodoso likiendelea kujaribiwa. Miezi mitatu iliyobaki ilikuwa gharama halali ya kufanya utafiti wenye ukweli.

Wapo watakaosema chuo kilipaswa kumtahadharisha kuhusu ruhusa ya mwajiri. Vyuo vingi huuliza swali hilo kwenye fomu ya maombi, na mwombaji hujaza bila kuwa na barua mkononi. Lakini mzigo mkubwa tunauweka kwa idara za utumishi. Afisa Utumishi anayetuma waraka mmoja kila Oktoba kwa watumishi wote, ukieleza tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mahitaji ya mafunzo na fomu inayotakiwa, huondoa migogoro ya namna hii kwa karatasi moja. Halmashauri ya Bi. Z ilianza kuutuma mwaka 2024. Watumishi waliowasilisha fomu kwa wakati mwaka huo walikuwa wengi kuliko nafasi zilizokuwepo, na orodha ya waliobaki ilihamishiwa kwenye mpango wa mwaka uliofuata.